Mjadala: Nyaraka za umma za Lamu ziandikwe kwa lugha za alama za kompyuta, au PDF inatosha?

MPANGA KURASA, Mkomani

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Hoja hii imezungumzwa sana barazani, na naona ni heri tuiweke hadharani. Nyaraka nyingi za umma zinazotuhusu watu wa Amu hupitia njia moja: hupigwa chapa kwenye Word, hutolewa karatasini, hutiwa sahihi na muhuri, kisha hupitishwa kwenye skana na kupandishwa mtandaoni kama PDF. Kinachomfikia msomaji ni picha ya maandishi. Mtu wa Kiunga anayetaka kujua kama kijiji chake kimetajwa katika mpango wa ardhi hana budi kupakua faili zima kwa bando lake, kisha apekue ukurasa mmoja mmoja kwa kidole, kwa kuwa neno halitafutiki ndani ya picha.

Ninapendekeza kila waraka uandikwe mara moja katika lugha ya alama yenye muundo, yaani XML, ambamo kila sehemu hutiwa alama (tagi) inayotaja ni nini, na kutoka katika chanzo hicho kimoja zitolewe kurasa za tovuti za HTML, lugha ya alama inayosomwa na vivinjari, kurasa za mtandao wa ndani wa wafanyakazi, na PDF ya kuchapisha. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake wawili wa IBM, Edward Mosher na Raymond Lorie, walibuni lugha ya alama ya GML walipokuwa wakishughulikia nyaraka za ofisi za mawakili. Hiyo ikazaa SGML, iliyokuwa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 1986, na XML ikaidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, Februari 1998. Kanuni yao ni kwamba mwandishi hutaja kitu ni nini: hiki ni kichwa cha sehemu, hili ni jina la mahali, hii ni siku ya mwisho ya kupokea maoni. Sura yake hupangwa kwingine. Makarani wetu, kwa bahati mbaya, wamezoea kupaka rangi tu. Wakitaka kichwa hukoza wino na kukuza herufi, basi.

KARANI WA MASIJALA

Nimeisoma hoja yote ya ndugu Mpanga Kurasa, lakini nimekwama kwenye "kupaka rangi". Nimo masijala tangu enzi za taipureta, na ninajua jalada hufunguliwaje, hupewa nambari gani na lipi hutangulia lipi. Huo nao ni muundo, ingawa hauna tagi. Waraka hupitishwa kwenye skana kwa sababu mkubwa hataki utoke bila sahihi yake ya wino, na mwananchi naye, ukimpa karatasi isiyo na muhuri, huuliza imetoka wapi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinaitaka ofisi itoe habari. Sikuona mahali zinapomtaka karani ajifunze lugha ya IBM. Kabla ya kutufundisha kuandika, mngetuuliza kwanza kwa nini tunaandika hivyo.

BIN LANGONI

Bwana Mpanga Kurasa amekuja gatini jahazi likiwa limeshang'oa nanga. Mwaka 2000 tuliambiwa kwamba HTML lazima ivae nidhamu ya XML, ikaitwa XHTML, na kila mwenye tovuti akaanza kufunga tagi kwa hofu. Toleo la pili la XHTML likaandaliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2009 W3C yenyewe ikatangaza kwamba inaliacha. Iliyoshinda ni HTML5, ambayo inasamehe. XML haisamehe: ukisahau kufunga tagi moja, kiwango chenyewe kinaiamuru programu inayosoma isimame na kutoa kosa, hali HTML ikikosewa kivinjari hukisia ulichokusudia kikaendelea. Katika ofisi ambayo umeme hukatika kabla sentensi haijafika nukta, mimi nitachagua lugha yenye huruma.

Tena hizi PDF mnazozitukana zimehifadhi mengi. Hata maandiko ya kale ya Msikiti wa Riyadha hapa Amu yamepigwa picha tu, na hakuna aliyelalamika.

MSIKILIZAJI, Shela

Mimi sioni, kwa hivyo nyaraka nazisikiliza kwa kisoma skrini cha simu. Ukurasa wa HTML wenye vichwa vilivyotiwa tagi ya h2, yaani tagi ya kichwa cha sehemu, naweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka nifike ninapopataka. PDF ya skana haisemi neno hata moja. Karani ametaja Sheria ya 2016. Basi asome pia kifungu chake cha 5, kinachotaka usambazaji wa habari uzingatie watu wenye ulemavu, gharama na lugha ya mahali.

SITI WA MTAMUINI

Ndugu Bin Langoni, hilo la Riyadha umelisema kwa wepesi mno. Maandiko yale yalipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa kwa kila hali, maana mchwa na unyevu wa pwani havina adabu kwa karatasi. Lakini picha huhifadhi umbo la karatasi tu. Utaangalia picha elfu bila kujua ni katika ipi kati yake limetajwa jina la babu yako, isipokuwa mtu azisome zote na kuyaandika yaliyomo.

Chukua mfano wa utendi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mara nyingi mwandishi aliupanga ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama ndogo, na kina cha kipande cha nne ndicho kinachoshika utendi wote. Ukiunakili katika Word, utapata mstari mrefu na vinukta. Ukiuandika kwa XML, kila ubeti unajulikana kuwa ubeti na kila kipande kinajulikana kuwa kipande, na kompyuta inaweza kukutolea vina vyote vya mwisho kwa mpangilio. Unaweza kuweka hati ya Kiarabu na nakala ya Kirumi sambamba, moja ikitambulishwa kuwa sw-Arab na kuelekezwa isomwe kutoka kulia, nyingine ikiwa sw tu. Herufi za nyongeza za p, ch na v zimo katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Kilichobaki ni sisi kutaka.

BIN LANGONI

Dada Siti, kwanza vitabu vya Riyadha kwa wingi wake ni vya Kiarabu, vya fiqhi, nahau na mfano wa hayo, kwa hivyo utendi umeuleta wewe. Pili, umechagua mfano unaoipiga XML yenyewe. Kurasa za hati za kale hazingojei ubeti uishe: vipande viwili viko mwisho wa ukurasa huu, viwili vimeanguka ukurasa wa pili. XML inataka kila kitu kikae kizima ndani ya kingine, na vitu viwili hairuhusu vipishane. Basi utaupasua ubeti ili ukurasa ubaki mzima, au utaupasua ukurasa? Picha haina shida hiyo.

SITI WA MTAMUINI

Swali hilo lina umri mkubwa na lina jawabu. Wasomi waliounda TEI, mwongozo wa kutia tagi maandiko ya kitaaluma, kazi iliyoanza mwaka 1987 wakati wa SGML na ambayo toleo lake la tano lilitoka 2007, waliweka tagi tupu inayoitwa pb. Huichomeka pale ukurasa mpya unapoanzia, hata kama ni katikati ya neno, na ubeti hubaki mzima. Anayetaka kusoma kwa kurasa hufuata pb, anayetaka kusoma kwa beti hufuata beti. Ni kweli kwamba umeamua kimoja kiwe mwili na kingine kiwe alama juu yake, na kwa utendi mimi nauchagua ubeti bila kusita. Na kuhusu wingi wa vitabu vya Kiarabu, mimi sikusema vinginevyo. Wewe ndiwe uliyeitaja Riyadha kama kwamba picha ni hatima ya elimu.

KARANI WA MASIJALA

Naona mmeshahamia tendini, nami bado nipo masijala. Nauliza tena: nani atakayetia hizo tagi? Nyaraka za mkutano mmoja wa bajeti hujaza meza.

MPANGA KURASA, Mkomani

Mzee wangu Karani, tagi unazitia tayari bila kuziona. Chukua waraka wako wowote wa Word wenye kiambishi cha docx, unakili, nakala ibadilishe kiambishi kiwe zip, kisha uifungue. Ndani kuna folda iitwayo word, na humo mna faili document.xml. Waraka wako ni XML, na muundo huo ni kiwango cha ISO tangu 2008. Sasa tafuta kichwa cha sehemu ulichokikoza kwa mkono. Utakuta kimeandikwa kwamba herufi ni nene na ukubwa ni 32, hali wewe uliweka 16, kwa sababu wao huhesabu kwa nusu-pointi. Hakuna popote paliposema kwamba hicho ni kichwa. Lakini kichwa ulichokiwekea mtindo wa Heading 1 kimetajwa kwa jina lake, na programu yoyote itakayokuja baadaye itakitambua. Kazi ninayokuombea ni kubofya mtindo badala ya kukoza wino. Tagi zilizobaki zitatiwa na programu ya kugeuza.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Akoma Ntoso, lugha ya XML ya sheria na kumbukumbu za mabunge, ilianzishwa kwa ajili ya mabunge ya Afrika chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa, na shirika la viwango la OASIS likaipitisha kuwa kiwango mwaka 2018. Sisi tulioshuhudia leseni ya mradi wa makaa ya mawe ikifutwa na Baraza la Mazingira Juni 2019, kwa sababu mojawapo kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, tusingehitaji kuambiwa thamani ya ripoti inayosomeka.

KARANI WA MASIJALA

Nimeufungua waraka kama ulivyoelekeza, na hiyo 32 nimeiona kwa macho yangu. Kisha nikafungua waraka mpya, nikabofya Heading 1 kama mlivyotaka, na kichwa kikageuka rangi ya samawati. Miaka yote mimi nakoza wino mweusi. Leo nimefuata muundo, na rangi imepakwa na programu yenu.

BIN LANGONI

Hapo Karani ameshinda mjadala, na kura yangu achukue.

MPANGA KURASA, Mkomani

Rangi ya mtindo hubadilishwa mara moja na vichwa vyote vya waraka vikafuata. Vilivyokozwa kwa mkono utavifuata kimoja kimoja. Lakini tuache mizaha, kwa kuwa ndugu yetu wa Shela amesema jambo ambalo hakuna aliyelijibu, nami nikiwemo. Kuhusu muhuri, lipo daraja la kati. PDF ya kuhifadhi nyaraka, aina ya PDF/A-3 iliyotoka 2012, inaruhusu faili lolote liambatishwe ndani yake. Ukurasa wenye muhuri utakuwepo kwa anayeutaka, na chanzo cha XML kitakuwa tumboni mwake.

KARANI WA MASIJALA

Hilo ni la maana kuliko yote uliyosema. Sasa nijibu: mkubwa ametia sahihi ya wino siku ya Jumatatu, na Jumatano kijana wa kompyuta akasahihisha jina la kijiji ndani ya hicho chanzo. Wakienda mahakamani, watashika kipi?

MPANGA KURASA, Mkomani

Watashika chenye sahihi, bila shaka. Ndiyo maana sahihi yenyewe inafaa itiwe kwenye chanzo. W3C iliweka utaratibu wa kutia sahihi ndani ya XML tangu 2002, na ukibadilisha herufi moja baadaye sahihi haikubali tena. Sheria ya Kenya nayo inaitambua sahihi ya kielektroniki tangu marekebisho ya 2009.

KARANI WA MASIJALA

Basi hoja yenu mmeileta mlango usio wake. Mimi mitindo nitaibofya kuanzia waraka wa kesho, na samawati yake nitaiondoa. Mkubwa wa kuiweka chini kalamu ya wino mtafuteni nyinyi.

MSIKILIZAJI, Shela

Wakati mnamtafuta, pandisheni hata ile Word yenyewe kando ya skana. Simu yangu inaisoma.