Nimeuziwa betri 2 na altaneta 1, kumbe ugonjwa ulikuwa waya

Wakuu, nina hasira. Ndani ya mwezi mmoja nimetoa 510,000 kwenye IST yangu na hakuna hata shilingi moja iliyogusa tatizo lenyewe.

Asubuhi moja gari liligoma, ukigeuza ufunguo ni tik tik tik basi. Otomatiki hiyo, husukumi. Jirani akanishtulia kwa betri yake, nikafika gereji ya mtaani huku Tabata. Fundi akaangalia tu kwa macho: "Betri imekufa, bosi." 170,000. Baada ya siku nne likalala tena. Akadai ile ilikuwa feki, nikanunua nyingine ya 180,000. Wiki haikuisha likanizimikia Kimara usiku, mvua inanyesha, taa zimefifia kama koroboi, mtoto analia siti ya nyuma.

Fundi wa pili ndiye aliyenichoma moyo. Gari likiwa linaunguruma, akachomoa terminali ya betri! Likazima. "Umeona? Altaneta haichaji." Nikalipa 160,000 kwa altaneta ya mtumba, kile kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri. Jamani, kipimo hicho ni hatari. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu, zinaweza kuua diodi za altaneta na hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Halafu kilimpa jibu la uongo, na gari halikuchaji hata na hiyo altaneta mpya kwangu.

Hakuna kati yao aliyejiuliza kuhusu taa ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi inawaka, injini ikiwaka inazima, kama kawaida. Si ushahidi kamili kwamba altaneta ni nzima, lakini ilitosha kumfanya mtu apime kwanza kabla ya kuagiza kifaa.

Wa tatu, kijana wa Buguruni, alitoa mita ya kupimia umeme. Injini imezimwa, betri inasoma volti 12.1. Injini inaunguruma, 12.3, wakati ilipaswa kuwa kama 13.8 hadi 14.5. Akahamisha waya mwekundu wa mita mpaka kwenye bolti kubwa nyuma ya altaneta: 14.9! Akaniambia, "Mzee, altaneta inazalisha vizuri, umeme unapotelea njiani." Akawasha taa na feni, akapima waya mnene unaotoka altaneta kwenda betri, ncha hadi ncha: volti 2.6 zinaliwa humo. Waya mzima haupaswi kula hata nusu volti. Akachana ganda karibu na kichwa cha waya, shaba yote imekuwa kijani na unga mweupe. Waya mpya na kichwa chake, 12,000. Betri ikasoma 14.2 palepale.

Dakika kumi! Na mita yenyewe Kariakoo unaipata kwa bei ndogo kuliko mafuta ya siku mbili. Mtu anayejiita fundi umeme wa magari anakosaje mita? Anapata wapi ujasiri wa kuniambia ninunue kifaa cha laki na nusu ambacho hajakipima?

Na altaneta yangu ya mwanzo, iliyokuja na gari, nzima kabisa, ilibaki kwa yule fundi wa pili. Nimemfuata mara mbili. Leo kanijibu kwamba ameshaiuza kwa wa vyuma chakavu. Nani ameshawahi kudaiana na fundi wa namna hii akarudishiwa pesa? Ulianzia wapi, serikali ya mtaa au polisi?