Tuta langu la maua lina kivuli nusu siku, nipande nini?

Ndugu zangu wapenda bustani, hamjambo. Nina tuta la maua nyuma ya nyumba hapa Kisauni, kama mita 4 kwa 1, kando ya ukuta. Jua hulipiga tangu asubuhi mpaka saa nne hivi, kisha kivuli cha mwarobaini wa jirani hulifunika hadi magharibi.

Mwaka jana nilipanda zinia. Zilirefuka zikainamia upande wenye mwanga, maua ya kuhesabu, na masika yaliposhika majani yakaingia ukungu mweupe kama unga. Nilizing'oa kwa uchungu, maana marehemu mama alizipenda mno. Nimeshaelewa kuwa zinia zataka jua la kutwa, sitazilazimisha tena.

Sasa nafikiria balsamu na torenia, kwani zote huvumilia kivuli. Shaka yangu ni maji. Udongo wetu ni mchanga wenye vipande vya matumbawe, haushiki unyevu hata nikitia samadi ya mbuzi, na mizizi ya mwarobaini inanyonya kilichobaki. Maji ya mfereji huja kwa zamu. Ya kisima yana chumvi.

Aliyewahi kuotesha balsamu pwani, maji ya kisima hayakuunguza miche? Je, nipande kwenye vyungu nikwepe ile mizizi, au niinue tuta? Nataka kusia mbegu kabla ya vuli, kwa hiyo nijibuni mapema, tafadhali.