Mimi kimbaumbau, kwa nini nimeandikiwa dawa ya mafuta?

Mama Viazi, Makambako
Kamwene wote. Nauza viazi stendi, na mizani inanisoma kilo 49 nikiwa na sweta. Miaka minne iliyopita nilitolewa ziwa la kushoto, nikapanda basi hadi Dar kupigwa mionzi ya saratani hospitali ya Ocean Road. Siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, mwisho wa wiki najilaza kwa binti wa dada yangu Mbagala. Nashukuru Mungu nilirudi kwenye magunia yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki ya presha. Daktari kauliza mionzi ilipigwa upande gani. Nikasema kushoto. Akaniandikia atovastatini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, miligramu 20 kila usiku. Dukani kijana akanitazama juu mpaka chini, akacheka: “Mama, hizi za wanene.” Watu wote wakageuka! Vidonge nimevificha kwenye kopo la sukari, sijameza hata kimoja. Nyama naonana nayo Krismasi. Hayo mafuta nimeyatoa wapi?

Mfamasia wa Uyole
Pole mama, yule kijana kakukosea. Lehemu, yaani hayo mafuta ya damu (kolesteroli), haijui mnene wala mwembamba. Nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe, hata ukila kabichi tupu. Kidonge kinapunguza utengenezaji huo.

Ila nadhani daktari alikuwa anawaza moyo, ndiyo maana akauliza upande. Mionzi ya ziwa la kushoto inaweza kuugusa moyo na mishipa yake. Ule utando laini wa ndani ya mshipa ukiungua, unavimba, lehemu inapenya na kunasa hapo, njia ya damu inasinyaa polepole. Wanawake wa Uswidi na Denmark waliopigwa mionzi ya ziwa walichunguzwa, matokeo yakachapishwa 2013: kila grei moja (kipimo cha mionzi) iliyoufikia moyo ilipandisha hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4 ya ile waliyokuwa nayo. Ilianza kuonekana ndani ya miaka mitano na kuendelea hata baada ya ishirini. Usijute kupigwa mionzi, saratani isingekusubiri.

Kijana wa Kihesa
Mkuu, mzee wangu alipigwa mionzi ya shingo, mbona hakupewa hizo dawa?

Mfamasia wa Uyole
Swali zuri. Si kila aliyepigwa mionzi anapewa. Kuna utafiti wa Canada wa 2019, wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopigwa mionzi ya kifua, shingo au kichwa: waliokuwa wakimeza statini, yaani dawa za jamii ya hiyo ya mama, walipata kiharusi kidogo kuliko wenzao, pungufu karibu theluthi. Lakini hawakugawanywa kwa kura, walifuatiliwa tu. Huenda wamezaji ni watu wa kujitunza hata kwa mengine. Kwa hiyo daktari anapima mzigo wote: presha, sukari, sigara, lehemu yenyewe. Mama tayari ana presha. Mzee mpeleke apimwe hivyo, na uulize kama mishipa ya shingo itazamwe kwa altrasaundi.

Bibi wa Tukuyu
Atafune kitunguu saumu asubuhi, mambo ya ini hayo.

Mfamasia wa Uyole
Shikamoo bibi. Kwenye mboga sawa, badala ya kidonge hapana.

Mwalimu, Mafinga
Mimi nameza mwaka wa pili. Mapaja yaliniuma nikasingizia jembe, kumbe dawa. Daktari akapunguza dozi. Mama, misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, rudi hospitali upesi.

Mama Viazi, Makambako
Asanteni wanangu, na bibi shikamoo. Nimefungua kopo, sisimizi wamejaa ila vidonge viko kwenye karatasi yake. Naanza leo. Nikisahau usiku, asubuhi nimeze?

Mfamasia wa Uyole
Meza ukikumbuka, mama. Ila saa ya kingine ikiwa imekaribia, ruka. Usimeze viwili kwa mpigo.