Saini ya kidijitali kwenye risiti za soko: RSA au Ed25519?

Hoja: Risiti za ushuru katika soko kama Kibuye, Kisumu, zikitiwa saini ndani ya msimbo wa QR, tutumie saini ipi kati ya RSA na Ed25519, njia mbili za kutia saini kwa ufunguo wa siri na kuhakiki kwa ufunguo wa umma? Mashine ya karani ni dhaifu, karatasi ina upana wa milimita 58, mtandao hukatika.

Wa Nakuru: RSA-2048. Kuhakiki ni kwepesi mno: kipeo cha umma, ile namba ya kuhakikia, ni 65537, yaani kuzidisha mara 17 tu. Kutia saini ndiko kuzito, ila ukiigawa hesabu kwa zile namba tasa mbili zinazounda ufunguo unaokoa karibu robo tatu ya muda.

Wa Kisumu: Ndugu, wepesi huo unafaa saini moja ikihakikiwa mara elfu, kama cheti cha tovuti. Risiti hukaguliwa mara moja au mbili, basi. Mzigo unabaki kwa karani. Halafu tazama karatasi. Saini ya RSA ni baiti 256, ya Ed25519 ni 64. Ongeza baiti 60 za taarifa: kwa usahihishaji wa makosa wa kiwango M (unaofanya QR isomeke hata sehemu ikiharibika), RSA inadai miraba 69 kwa 69, Ed25519 49 kwa 49. Printa ina nukta 384 kwa upana. Ukiacha ukingo mweupe, kila mraba mdogo wa RSA unapata nukta 4, wa Ed25519 unapata 6. Risiti ikikunjwa na kufifia juani, hapo ndipo simu hushindwa kusoma.

Wa Kakamega: Na kompyuta za kwanta, zinazohofiwa kuvunja saini hizi? ML-DSA, saini iliyoundwa kuzihimili, ni kiwango rasmi Marekani tangu 2024.

Wa Kisumu: Saini yake ndogo kabisa ni baiti 2420, QR ya kiwango M hubeba 2331 tu. Haiingii. Hati ya shamba, inayokaguliwa miaka mingi, hiyo tuijadili. Risiti huisha kazi jioni.

Wa Nakuru: Kwa karatasi nimekubali. Ila msikimbilie ECDSA, saini nyingine fupi. Kila saini yake inataka namba nasibu mpya. Ikijirudia katika saini mbili, ufunguo wa siri unapatikana kwa aljebra ya kawaida. Ndivyo ulivyovuja ule wa PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony, mwaka 2010. Ed25519 huitoa namba hiyo kwenye ufunguo na ujumbe wenyewe.

Wa Busia: Basi kila mashine iwe na ufunguo wake, kanjo (mkaguzi wa kaunti) abebe funguo za umma kwenye simu: baiti 32 kila mmoja, mashine 500 ni kilobaiti 16. Lakini saini haizuii kunakili. Namba ya kibanda na tarehe ziwe ndani ya ujumbe uliosainiwa, la sivyo picha ya risiti moja itazunguka soko zima.