Dick Campbell wa Arbroath

Rehema (Dundee): Shikamooni wakubwa. Jana nilikwenda Arbroath, mji mdogo huku Uskoti, kuangalia timu yao uwanja wa Gayfield. Nyuma ya uwanja kuna ukuta, nyuma ya ukuta ni bahari. Upepo ukivuma, mpira wa juu unageuka hewani na kumrudia kipa aliyeupiga, na chumvi unaionja mdomoni.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Arbroath si ndio wale wa 36-0?

Rehema: Ndio hao mjomba, walimfunga Bon Accord Septemba 1885. Ila huku ukikaa na watu, jina wanalolitaja ni Dick Campbell, kocha wao wa zamani.

Salim: Alichezea timu gani kubwa?

Rehema: Hakuna. Alicheza madaraja ya chini tu. Ni pacha, nduguye Ian ndiye aliyefunga mabao mengi Brechin City. Wakawa wanafundisha pamoja miaka na miaka, Dick kocha mkuu, Ian msaidizi.

Salim: Na ukocha?

Rehema: Dunfermline, Brechin, Partick Thistle, Ross County, Forfar. Brechin aliipandisha daraja mara 2, Partick akaipandisha 2006 kwa matuta. Ross County kibarua kikaota nyasi 2007, na timu ilikuwa inaongoza ligi!

Shangazi Zuhura: Inaongoza, na wanamfukuza? 😳

Mjomba Hamisi: Makocha wa chini ndivyo wanavyoishi Zuhura. Hakuna anayewatetea.

Rehema: Arbroath alifika Machi 2016, timu iko daraja la nne. 2017 bingwa, ikapanda. 2019 bingwa tena, ikapanda. Sasa sikieni msimu wa 2021/22, daraja la pili. Timu zote 9 nyingine wachezaji wao kazi yao ni mpira peke yake. Arbroath watu wana ajira zao mchana, mazoezi jioni. Winga wao Bobby Linn alikuwa anazoa taka. Hao ndio walioongoza ligi miezi kadhaa.

Salim: Mzoa taka anacheza daraja la pili Uskoti?! Wakapanda?

Rehema: Aprili 2022 wakaenda Kilmarnock. Kilmarnock wakapata bao la ushindi dakika za mwisho, 2-1, ubingwa wakauchukua wao. Msimu ukaisha Kilmarnock pointi 67, Arbroath 65.

Shangazi Zuhura: Pointi 2 jamani 💔

Rehema: Bado shangazi. Wakaingia mchujo wa kupanda na Inverness. 0-0 nje ndani, Inverness wakabaki pungufu, wawili wametolewa kwa kadi nyekundu, na bado matuta yakaenda kwa Inverness.

Mjomba Hamisi: Mimi huyo namweka juu ya makocha wengi wenye makombe. Mpe mtu fedha, atanunua wachezaji. Huyu alipewa watu waliochoka kazini, akawafikisha mlangoni pa ligi kuu akiwa na miaka 68.

Salim: Kwa hilo nakubali mjomba. Yupo bado hapo?

Rehema: Aliondoka Novemba 2023, mambo yalishakuwa magumu. Jana nimekaa karibu na mzee mmoja amevaa kofia bapa kama ya Campbell. Nikamuuliza habari za ile mechi ya Kilmarnock. Akanieleza bao lilivyoingia, hatua kwa hatua, akichora kwa kidole kwenye goti lake. Mpira uliokuwa mbele yetu hakuutazama tena.

Mjomba Hamisi: Ukienda tena mpe salamu zangu huyo mzee. Mwambie Tanga kuna mtu anataka kujua upangaji wa kikosi chote cha siku ile.