Pete ya ndoa: nyoofu au ya kujipinda? Ya uchumba inagoma kukaa nayo

bibi_mtarajiwa: Wadau habari zenu, nimebakiza wiki sita na hadi leo sina pete ya ndoa. Nimekwama kwenye mbili, moja nyoofu isiyo na nakshi, nyingine imejipinda kufuata jiwe la pete ya uchumba. Nikivaa nyoofu inabaki nafasi katikati, ukucha unapita, ile ya kujipinda inakaa poa ila ikiwa peke yake utadhani ilibanwa na mlango. Nichukue ipi?

Fundi Pete: Dada mbona hujasema kitu? Ya uchumba ni madini gani, karati ngapi, jiwe limenyanyuka au limelala? Bila hayo tunapiga ramli tu.

mama_mapacha: Nyoofu. Hiyo nafasi hakuna anayeiona zaidi yako.

Kaka Mkavu: Tungsteni jamani, yangu mwaka wa nne haina hata mkwaruzo.

Fundi Pete: @Kaka Mkavu na ukinenepa? Tungsteni haipanuliki, unanunua nyingine. Halafu ikikaa na dhahabu ya dada itaisugua.

Kaka Mkavu: Sinenepi.

Zai wa Zai: Ngojeni niwasimulie yaliyonikuta. Ya uchumba ilikuwa dhahabu nyeupe, ya ndoa nikachukua iliyozungushiwa vialmasi kote manake inang'aa kweli, sonara akasema zitakaa pamoja hamna shida. Mwaka wa pili naona ya uchumba imelika ubavuni kama imepigwa tupa, kumbe almasi ni ngumu kuliko dhahabu, kila ukikunja kidole zinasagana. Haya, nikapata mimba vidole vikavimba, napeleka ile ya vialmasi ipanuliwe naambiwa haiwezekani, mawe yamejaa kote hakuna pa kukata. Nilivua kwa sabuni huku nalia. Sasa ipo kwenye kopo la vifungo.

bibi_mtarajiwa: Duh pole. Samahani Fundi, ni dhahabu nyeupe, jiwe limelala chini kabisa, karati sijui.

Fundi Pete: Angalia muhuri kwa ndani, 750 ni karati 18, 585 ni 14. Chukua karati hiyohiyo. Na kama imechovywa rodiamu, yale madini meupe ya kung'arisha, ikija kuisha utaona umanjano, kwa hiyo zote mbili zichovywe siku moja zisitofautiane rangi. Jiwe likilala hivyo, nyoofu haitagusana nayo hata ufanyeje. Ukitaka unazilehemu ziwe kitu kimoja.

mama_mapacha: Azilehemu halafu siku akitaka kuvaa moja tu?

Zai wa Zai: Mi nikinuniana na mzee navua zote hata bila kulehemu 😂

Kaka Mkavu: Kwani lazima zikae kidole kimoja? Hamishia ya uchumba mkono mwingine, kesi imeisha.

bibi_mtarajiwa: Nimesahau kusema, mwenzangu anataka zetu zifanane, na yeye kapenda pana ya milimita 6.

Fundi Pete: Sasa si ndo ungeanza na hilo! Pana inabana kuliko nyembamba ya saizi ileile, mpime upya, tena jioni vidole vikiwa vimejaa. Na wewe utavaa ya 6?

bibi_mtarajiwa: Hapo ndo tulipokwama, tangu jana hatuongei.