Tupeane uzoefu: kusoma riwaya kubwa ili ujifunze kuumba wahusika

Mwalimu wa Milimani, Nakuru
Wadau, sote tuliopitia shule tunalijua swali la mtihani: jadili sifa za mhusika fulani. Unajibu kwamba ni mkatili, mnafiki, mwenye tamaa, kisha unaleta ithibati. Mwandishi anaugeuza utaratibu huo: ithibati inaandikwa, sifa inafutwa. Leteni mbinu, tafadhali, hadithi za maisha tutazipiga siku nyingine.

Nyar Dunga, Kisumu
Someni The River and the Source ya Margaret Ogola (1994). Akoko ni mjane, shemeji yake amekalia kiti cha uchifu bila haki, naye anafunga safari hadi hapa Kisumu kumshtaki kwa serikali ya mkoloni. Ukishasoma safari hiyo, ya nini tena kuambiwa kwamba ni jasiri?

Sura isomwe mara mbili, ya kwanza kwa raha tu. Ya pili, gawa ukurasa wa daftari safu nne: anataka nini, nini kinamzuia, anafanya nini, kinamgharimu nini. Safu ya nne ndiyo wengi huiacha wazi wakija kwenye hadithi zao wenyewe. Mhusika wao anaamua jambo kubwa na hapotezi hata rafiki mmoja, ndiyo maana hatumwamini.

Kalamu ya Kakamega
Mimi niguse sura na umbo. Katika Anna Karenina ya Tolstoy, Anna anarudi Petersburg baada ya kukutana na Vronsky, afisa wa jeshi anayempenda. Mumewe anampokea stesheni, na kinachomkera Anna ni masikio ya mume huyo chini ya kofia. Masikio ni yale yale ya miaka yote, aliyebadilika ni mtazamaji. Jambo dogo moja limetuchorea watu wawili.

Zoezi: mweleze mhusika wako kwa sentensi tatu kwa macho ya anayempenda, kisha tatu kwa macho ya anayemdai pesa. Kivumishi cha tabia marufuku. Wanaoanza huorodhesha urefu, rangi na mavazi, unadhani ni tangazo la mtu aliyepotea.

Mwana wa Bungoma
Majina je? Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ina Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu. Majazi, yaani majina yanayobeba sifa za wahusika, yanafanya kazi pale kwa sababu jina na matendo yanabishana: Majisifu anatamba kwa uandishi, na mswada aliuiba kwa Amani. Ukiiga juujuu ukamwita tapeli wako Bwana Hila, umeshamaliza hadithi ukurasa wa kwanza.

Nyar Dunga, Kisumu
Kweli kaka, ila mazungumzo ndiyo hutuangusha zaidi. Mtu anasoma riwaya za Kiingereza mfululizo, akishika kalamu watu wake wanaongea Kiswahili cha tafsiri. Funika majina ya wasemaji. Ikiwa mama wa samaki na afisa wa kaunti wanaweza kubadilishana sentensi, rudia. Na usimpachike mama lafudhi ya kuchekesha. Angalia anachokikwepa:

– Hii ngege ni pesa ngapi?
– Kwani umetoka Nairobi?

Bei haijatajwa, na mama tumeshamjua.

Msomaji, Naivasha
Shikamoo Mwalimu. Nianze na kitabu gani, na kuiga kunaruhusiwa?

Mwalimu wa Milimani, Nakuru
Marahaba. Anza na Kidagaa: kilitahiniwa shuleni kwa miaka, kwa hivyo nakala kuukuu hazikosekani kwa wauza vitabu vya mitumba, na maktaba ya umma hapa Nakuru au Kisumu uliza pia. Chagua mhusika mmoja tu. Nakili kwa mkono aya ya maneno kama 150 anapoingia mara ya kwanza, halafu iandike upya ukimweka mtu wako: penye kitendo weka kitendo, penye maneno ya jirani weka maneno ya jirani. Iga kiunzi, msamiati uwe wako. Na zoezi hilo libaki daftarini, usilipeleke kwa mchapishaji.